Mate Yaliyopandishwa Cheo

Habari hii alinihadithia Mwanaidi, binti wa marehemu dada yangu, siku za vuli iliyopita tulipokuwa tunapukuchua mahindi barazani, mvua imetuzuia kutoka na mikono haina kazi nyingine. Yeye amesoma mbali, amefanya kazi nchi za watu, na nchi yenyewe hakunitajia. Nami sikumwuliza. Nchi ambayo mtu akiisimulia anashusha sauti hata mbele ya kuku, haifai kuulizwa jina. Palipokuwa na maneno ya kisomo nimeyamenya kadiri ya darasa langu la nne. Mengine ni kama alivyosema.

Basi huko, tangu mababu, mzee akitaka kumbariki mtoto humtemea mate kidogo utosini, mate mepesi kama ukungu, huku anamnenea mema. Desturi nzuri, hata kwetu ipo. Lakini serikali ya huko kila ilipokuta kitu kizuri ilikiundia idara. Ikaundwa Idara ya Mate, ikapewa jengo la ghorofa, magari, na bendera yenye tone moja katikati. Ikatungwa sheria kwamba kitu chochote cha Serikali, kiwe daraja, kiwe kisima, kiwe jeneza la waziri, ni marufuku kutumika kabla ya kutemewa mate ya kiongozi wao, Baba wa Wote, tena ndani yake, si juujuu. Barabara zilitemewa lami haijakauka. Injini za ndege zilitemewa zikiwa zinazunguka, ndiyo maana watu wa huko husafiri kwa basi. Na kwa kuwa Baba ni mmoja na vitu ni vingi, mate yalitiwa kwenye madumu na kusambazwa mikoani kwa lori lenye king'ora.

Dumu ni chombo kikubwa kwa mdomo mmoja. Wananchi walijua kuhesabu, lakini walijua pia mahali pasipohesabiwa.

*

Ikawa nchi ya jirani imejenga mtambo wa kukimbiza punje. Punje zenyewe, alivyonieleza Mwanaidi, ni ndogo hata vumbi la unga mbele yake ni mlima. Hukimbizwa ndani ya bomba refu lisilo na hewa mpaka zinakaribia mwendo wa mwanga, halafu zinagongeshwa mahali ili wataalamu waone vitu vimeumbwaje, au zitumike kutengenezea dawa za wagonjwa. Baba wa Wote aliposikia jirani anazo punje zinazokimbia, akauliza zake ziko wapi. Akaambiwa zipo, ila zimekaa. Akasema zikimbie.

Kinachozisukuma ni vyungu. Mafundi wenyewe ndivyo walivyoviita. Ni vyungu vya madini yaitwayo niobi, rangi yake kama sufuria iliyosuguliwa kwa majivu, vimeungwa mdomo kwa mdomo kama shanga nene. Hutiwa mawimbi ya redio, na kila wimbi huipa punje teke la mgongo.

Chungu kinataka mambo mawili, baridi na usafi. Kikizamishwa ndani ya heli, hewa iliyopozwa mpaka ikawa maji, niobi husahau kula umeme. Ukikigonga kwa wimbi kinalia, kinaendelea kulia, kama kengele uliyoipiga asubuhi ikawa bado inaimba watu wanapopakua chakula cha jioni. Lakini kikibaki na chembe moja ya vumbi, au alama ya kidole, au chumvi ya jasho, basi pale pana cheche, penye cheche pana joto, na joto la mahali padogo hukienea chungu kizima kama umbeya. Chungu kinazimia papo hapo.

Mkuu wa vyungu alikuwa Mzee Ngwali, mtu wa maneno machache. Msaidizi wake alikuwa Siwema, mwanamke wa makamo ambaye makalio yake na kiti havikuwahi kuzoeana. Mzee ndiye aliyemfundisha kazi, na siku ya harusi yake, baba mzazi akiwa amekwisha kufa, mzee ndiye aliyemwoza. Kwa hiyo Siwema alimwita Baba, na hakuwa anatania.

Waziri wa Mitambo Isiyoonekana, Mheshimiwa Zumo, alipokuja kukagua, aliuliza chungu kitapozwa mpaka wapi.

"Nyuzi mia mbili sabini na moja chini ya sifuri, Mheshimiwa," akajibu Siwema.

Waziri akaangaza huku na huku kama mtu aliyetukaniwa mama yake msibani. "Chini ya sifuri? Serikali hii haijawahi kuwa chini ya kitu chochote!"

"Tunaweza kuanza kuhesabu kwenye baridi ya mwisho, Mheshimiwa," Mzee Ngwali akasema taratibu. "Pale ambapo dunia nzima haina baridi nyingine ya kuongeza. Tukianzia hapo, tutakuwa juu ya sifuri kwa mbili."

"Juu kwa mbili! Sasa hayo ndiyo maendeleo. Na msukumo wa punje? Jirani wamefika ngapi?"

"Thelathini na tano."

"Sisi tutafika arobaini, kwa kuwa Baba wa Wote ametimiza miaka arobaini kitini."

Chungu hakikuulizwa.

*

Chungu cha kwanza kilizinduliwa kwa fahari. Chumba chake cha usafi mafundi huingia wakiwa wameoga, hawajapaka poda wala mafuta, wamevaa nguo nyeupe za kuwafunika mpaka nyusi. Mheshimiwa Zumo aliingia na viatu, na msafara, na bendi. Mkurugenzi wa Mate, Bwana Mfaume, mtu mnene mwenye macho ya usingizi, alibeba mgongoni bomba la kupulizia dawa mikorosho. Akaingiza mdomo wa bomba ndani ya chungu, akasukuma mpaka mate yakatokea upande wa pili na kumlowesha mpiga tarumbeta. Watu wakashangilia. Chungu kikateremshwa kwenye kisima cha baridi, kikawashwa, kikafika sita, kikazimia.

Tume ikaundwa. Ikamwuliza Mzee Ngwali swali moja tu: "Je, ni mate?"

Mzee akatafakari. Akisema ndiyo, amemtukana Baba wa Wote. Akisema siyo, basi mharibifu ni yeye. Akasema, "Waheshimiwa, chungu hakijui mate ni ya nani."

Likawa kosa ambalo hata sheria haikuwa nalo, ikabidi walitunge palepale. Akafungwa mpaka chungu cha pili kitakapojieleza.

Gereza lenyewe lilikuwa limejengwa kwenye tope la mto. Siwema alikuwa akimpelekea uji wa ulezi, wakizungumza dirishani askari akiwa amesimama kati.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Umeshakioka?"

"Baba, miguu yako imevimba. Tazama."

"Miguu haina safari. Nimekuuliza chungu."

"Nimekimenya ngozi kwa tindikali. Nikakitia tanuri lisilo na hewa, nikakioka kwa moto wa polepole kama mkate wa kumimina. Nikakipa pumzi ya naitrojeni, kidogo, nikakimenya tena juujuu."

"Kidogo kweli? Wewe una haraka, Siwema. Hata siku ya harusi uliitikia nimekubali kabla sijamaliza kukuuliza."

Askari akacheka, akakumbuka kazi yake, akanuna.

"Kidogo kweli, Baba. Hiyo pumzi ni fikra yangu, haimo kwenye vitabu vyako. Nimejaribu kwenye kipande cha pembeni, niobi imetulia kama mtoto aliyeshiba."

"Basi umefanya vizuri kuliko mimi." Akakohoa, kifua kikakoroma kama gunia linaloburutwa. "Tatizo si chungu tena, mwanangu. Tatizo ni dumu."

"Mzee!" askari akakemea. "Mambo ya madumu hayazungumzwi hapa."

Siwema alipotoka, daktari wa gereza alimwambia mlangoni bila kumtazama, "Mama, masika yakimkuta humu, hayatamwacha."

Tangu hapo usingizi ulimhama. Aliosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Alifagia uwanja wa jirani. Mume wake, mtu mpole, alihamia kwenye kochi la sebuleni kwa kuwa alianza kufuliwa shuka akiwa bado ameilalia. Mawingu ya masika yakaanza kujikusanya kule milimani, na Siwema akawa anayatazama kama mtu amtazamavyo mdai aliyekaa mlangoni. Chungu kilikuwa tayari, kinang'aa, hakina ila. Kilichobaki ni kutemewa.

*

Dawa aliipata wizarani, akiwa anazunguka bustani badala ya kukaa kwenye benchi la kungojea. Langoni alikuwapo mlinzi mmoja aliyezoea kuvaa kandambili na kutafuna muwa. Asubuhi hiyo alikuwa amepandishwa cheo. Amenyolewa, amesuguliwa, kandambili hakuna, muwa hakuna, watu wanampigia saluti. Siwema akamtazama sana. Mtu ni yuleyule, ila kila kilichokuwa kichafu kimeondolewa, na hakuna aliyesema kwamba alikuwa mchafu.

Akaingia kwa Waziri.

"Mheshimiwa, naona aibu. Chungu chetu ni cha daraja la juu, nasi tunataka kukitia mate yasiyo na cheo."

"Mate ya Baba hayana cheo?"

"Yametoka kwa mkubwa, Mheshimiwa, lakini yenyewe hayajapandishwa. Yanapanda lori, yanakaa ghala moja na mafuta ya taa. Dereva ana cheo, lori lina namba, dumu lina muhuri. Mate peke yake ndiyo raia."

Mheshimiwa Zumo akavua miwani. Machozi yalikuwa yamemlenga. "Miaka arobaini," akasema. "Miaka arobaini, na hakuna aliyeliona hilo! Yapandishwe!"

Karakana ya vyungu ilikuwa na mtambo wa kuchujia maji, alioujenga Mzee Ngwali kwa miaka mingi. Maji hupita chujio hili na lile mpaka yanabaki maji matupu, hayana chumvi, hayana kutu, hayana hata ladha. Ndiyo pekee yanayofaa kuoshea ndani ya chungu. Siwema akavibandika vyeo vyombo vyote. Mate yaliyopita kwenye mchanga yakawa koplo. Yaliyopita kwenye mkaa, sajini. Yaliyobanwa kwenye utando mwembamba, kapteni. Yaliyomulikwa kwa taa ya zambarau, brigedia. Na yaliyotoka kwenye bomba la mwisho yalikuwa jenerali kamili. Kila hatua bendi ilipiga wimbo wake, na Waziri akasoma hotuba ya kuyaasa mate yasilewe madaraka.

Mwanzoni kabisa, dumu lilipofunguliwa, Siwema alitumbukiza kipimo. Mshale ukaenda, ukasimama mahali anapopajua vizuri. Chumvi ileile, kutu ileile, dawa ileile ya maji ya bomba la mtaani. Akamgeukia Bwana Mfaume aliyekuwa akiwachekea wapiga picha.

"Bwana Mkurugenzi," akanong'ona, "haya si..."

"Mwanangu," akajibu Bwana Mfaume bila kuondoa tabasamu, "mdomo wa Baba ulikauka mwaka wa nzige. Nami nina watoto tisa."

"Sijasema kitu."

"Ndiyo nakuambia nina watoto tisa, ili uendelee hivyohivyo."

Kutu iliyobaki kwenye mchanga ilileta utata, maana haikuwezekana kwamba mdomo wa Baba umetoa uchafu. Ikaitwa Ziada ya Baraka, ikapelekwa makumbusho ndani ya sanduku la kioo, na watoto wa shule wakaanza kuletwa kuitazama.

Ikafika zamu ya chungu. Mheshimiwa Zumo alikuwa ameshatanguliza mguu kwenye chumba cha usafi, bendi nyuma yake.

"Mheshimiwa," Siwema akasema akiwa ameziba mlango, "ndani kuna jenerali. Itifaki yasemaje, mtu wa cheo kidogo ataruhusiwa kuingia bila kuitwa?"

Waziri hakuwa amewahi kuwa mwanajeshi. Akarudisha mguu. Msafara wote ukasimama nje ya kioo kwa ukakamavu, ndani Siwema na vijakazi vyake vya chuma, yaani mashine za kuoshea, wakakisuuza chungu kwa jenerali aliyesukumwa kwa nguvu, kila pembe, kila kiungo, kisha wakakifunga kikiwa na unyevu wake wa heshima.

*

Siku ya kukijaribu, redio zote zilinyamaza. Chungu kilikuwa kisimani, ndani ya heli, juu ya sifuri kwa mbili. Siwema alishika kitufe huku mguu mmoja unapiga sakafu peke yake. Alikuwa haoni Waziri wala kamera. Aliona dirisha moja la gereza.

Akapandisha. Kumi. Ishirini. Chungu kikaimba. Thelathini. Thelathini na tano, wakawa sawa na jirani. Bendi ikainua tarumbeta. Thelathini na nane. Arobaini! Watu wakarukaruka, Bwana Mfaume akaamka.

Arobaini na moja.

"Punguza!" Waziri akapiga kelele. "Punguza, mama, unataka tunyongwe? Arobaini na moja ya nini? Unamtabiria Baba mwaka ambao hajautangaza?"

Siwema akakishusha. Chungu kilikuwa bado kina nafasi tele, alikisikia mkononi kama ng'ombe anayetaka kuvuta jembe na mkulima hataki. Kikarudi arobaini kwa adabu, kikatulia hapo, kinalia bila kuchoka.

Amefaulu. Chungu kimejieleza. Kesho mzee yuko nyumbani.

Mheshimiwa Zumo akapanda jukwaani.

"Ndugu wananchi! Leo punje zimetii. Leo dunia imeshuhudia kwamba mate ya Baba wa Wote yaliingia ndani ya chungu, na chungu hakikuzimia, bali kilikwenda arobaini, na kingekwenda zaidi kama kisingekuwa na nidhamu! Imethibitika basi kwamba mate hayana kosa, hayajawahi kuwa na kosa. Kwa hiyo kilichozimisha chungu cha kwanza kina mwenyewe, na mwenyewe tunaye. Kwa mamlaka niliyopewa, namhukumu Ngwali kifungo cha maisha!"

Makofi yakalipuka. Mikono ya Siwema ilipiga pamoja na ya wenzake kabla masikio hayajamfikishia ujumbe. Ulipofika, mikono ikabaki hewani.

Hakuwa amelifikiria hilo. Mchana na usiku alikimbizana na chembe za vumbi, na hili, kubwa kuliko nyumba, hakuliona. Angekiacha chungu kizimie, mzee angebaki gerezani. Amekifanya kiimbe, wamemfunga zaidi.

Akaanza kwenda na kurudi nyuma ya jukwaa kama kuku anayetafuta pa kutagia. Bwana Mfaume akamfuata na glasi ya maji.

"Kaa, mwanangu."

"Siwezi kukaa. Nakwenda kuwaambia. Nawaambia ni maji ya bomba, toka dumu la kwanza mpaka la mwisho!"

"Ukiwaambia, atakuwa gerezani yeye, nawe, nami. Atapata wenzake wa kuzungumza nao, basi. Nami nina..."

"Watoto tisa, nimesikia!"

"Nilitaka kusema nina wazo, lakini bado halijafika. Kunywa maji."

*

Lililofika kwanza ni gari la Ikulu. Habari za mate yenye cheo zilikwisha kumfikia Baba wa Wote, akafurahi mno, akaamuru mate yote ya Taifa yapandishwe, ya barabara, ya visima na ya majeneza. Mtambo wa kuchujia uhamishiwe Ikulu, leo hii, kabla ya chakula cha mchana.

"Mheshimiwa!" Siwema akashika kichwa. "Bila mtambo ule hatuoshi chungu kingine. Punje zinataka vyungu mamia. Hiki kimoja peke yake ni pambo."

"Kimeshafika arobaini," Waziri akasema kwa upole, kama anayemwelewesha mtoto. "Unataka kifike wapi tena? Acha uchoyo. Tena nina habari njema kwako. Wewe utakuwa Mpandishaji Mkuu wa Mate. Nyumba ya mlimani, gari lenye mapazia, na jina lako kwenye chungu, kwa herufi za dhahabu, uonekane mwanamke wa kwanza duniani kukifikisha huko. Waandishi, sogeeni!"

Waandishi wakasogea. Siwema akaziona kalamu zinamngoja. Alikikumbuka chungu tangu kilipokuwa bamba la niobi halijakunjwa. Alikumbuka ile pumzi ya naitrojeni, fikra iliyomjia anakoroga uji, ambayo haimo kwenye kitabu cha mtu yeyote. Midomo ilikuwa imekwisha fumbuka kusema ahsante.

Nyuma ya mabega ya waandishi, milimani, mvua ilikuwa imeanza kunyesha.

"Siwezi, Mheshimiwa," akasema.

"Huwezi nini?"

"Kazi hiyo. Sijui kupandisha mate. Nilikuwa nageuza koki kwa kukariri tu."

"Lakini umefanya mbele ya macho yetu!"

"Nilielekezwa. Aujuaye mtambo ule ni mmoja, yule aliyeujenga. Ni Mzee Ngwali."

Mwandishi mmoja akauliza, "Na chungu, Bi Siwema? Aliyekioka je?"

Hapo, alisema Mwanaidi, Siwema alimeza mate, na hayo yalikuwa mate ya kweli.

"Ni yeye. Alinielekeza dirishani, neno kwa neno. Mimi ni mwoshaji. Kuosha naweza."

Waandishi wakacheka. Mmoja akafuta alichokuwa ameandika. Mheshimiwa Zumo akamtazama kama aliyeuziwa mbuzi akakuta paka. "Yaani mfungwa ndiye... Bwana Mfaume, mama huyu anasema kweli?"

Bwana Mfaume akajikohoza, mikono juu ya tumbo. Siwema hakuthubutu kumtazama.

"Mheshimiwa, mimi ni shahidi. Mama huyu hajui koki ya juu wala ya chini. Juzi nusura amshushe kapteni awe koplo. Ningekuwa sipo, tungekuwa na maasi."

"Lakini nimeshamhukumu Ngwali maisha! Hadharani! Nikimtoa, nitaonekana nimekosea."

"Hujakosea, Mheshimiwa. Umetamka maisha, hukutamka mahali. Apewe maisha Ikulu. Mfungwa anayehitajiwa na Baba si mfungwa tena, huyo ni mtumishi."

Waziri akalitafakari. Uso ukamfunguka taratibu kama mlango wa benki. "Ndiyo maana nikasema maisha," akasema. "Nililijua tangu mwanzo. Andikeni."

*

Walimleta Mzee Ngwali karakanani saa saba mchana, asimamie mtambo ukifunguliwa ili akaufunge huko uendako. Wakachelewa. Mtambo ulikuwa umeshapakiwa, pamebaki misumari ya sakafuni na dimbwi. Lori lilikuwa nje, Bwana Mfaume amelala kiti cha mbele, kinywa wazi. Ikulu ilikuwa imetuma salamu kwamba Baba wa Wote amekwisha lala, atalala mpaka jioni, asifanye mtu kelele. Mzee akaambiwa angoje, na kuanzia leo atalala nyumbani kwake, gari litamfuata kila asubuhi.

Akaketi kwenye benchi, miguu ameinyosha mbele kama si yake. Akatazama dimbwi.

"Umewapa mtambo."

"Ndiyo, Baba."

"Kwa ajili ya miguu miwili iliyovimba."

"Ndiyo."

"Siwema, mimi ningekufa mara moja tu. Hivyo vyungu ambavyo hutavitengeneza vitakufa kila mwaka."

"Najua, Baba. Nitukane ukipenda, lakini kunywa uji kwanza."

Akalipokea bakuli, hakunywa. "Tena wameniambia garini kwamba mimi ndiye niliyekioka."

"Wewe ndiye."

"Ile pumzi ya naitrojeni pia ni yangu?"

"Ni yako. Usije ukanikana mbele za watu."

Nje walikuwa wakipita wafanyakazi wa Halmashauri ya Sherehe na mitungi begani, wanakausha kisima cha baridi. Heli ilihitajika kujazia maputo ya gwaride. Ndani ya kisima chungu kilikuwa kinapata joto polepole, kama kitu kingine chochote.

"Kilifika ngapi?" mzee akauliza. "Si cha redioni. Cha kweli."

"Arobaini na moja. Wakanizuia."

"Kingefika?"

Siwema akatazama nyuma kama kuna mtu, akainama karibu na sikio lake. "Arobaini na sita. Labda saba. Kilikuwa hakijaanza hata kutoka jasho."

"Arobaini na saba," akasema Mzee Ngwali, kwa sauti ya mtu anayetajiwa jina la mjukuu. Akalirudia mara nyingine, chini zaidi. Kisha akafumba macho, kichwa kikamwendea upande, akalala na uji mkononi.

Siwema akalitoa bakuli taratibu. Mvua ilikuwa imefika mjini, inapiga bati. Akaona mzee anateleza kwenye benchi, akaketi ubavuni mwake, akaushika upindo wa shati lake asianguke. Alitaka kuinuka akafute lile dimbwi. Akawaza atainuka sasa hivi, akishapumua kidogo. Shati likiwa bado kwenye ngumi yake, akalala.